Macho hujipanga gizani

Swali ninaloulizwa na wazazi mara nyingi ni hili: "Daktari, ukishautoa huo ukungu, ataona?" Mtoto akiwa na miaka 5, na jicho moja limezibwa na mtoto wa jicho tangu kuzaliwa, huwa naumia kujibu. Lenzi iliyoharibika nitaitoa, mwanga utapita, na bado huenda jicho lile lisione vizuri. Picha husomwa na ubongo, huku nyuma kisogoni, na huko nafasi ya jicho hilo imeshachukuliwa.

Njia ya kutoka jichoni hadi kisogoni huanza kujengwa tumboni mwa mama. Kutoka kila jicho hutoka nyuzi za neva kama milioni 1, zinazokwenda hadi thalamasi, katikati ya ubongo, ambako ujumbe hupokelewa na kupelekwa kisogoni. Alama za kikemikali huuelekeza kila uzi mtaa wake, lakini hazitoshi kuufikisha mlangoni. Mwaka 1991 watafiti Markus Meister, Rachel Wong, Denis Baylor na Carla Shatz walionyesha jambo linalonisisimua hadi leo: retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) za paka na fereti (mnyama mdogo wa jamii ya kicheche) wachanga, kabla hazijaanza kuona, hupitiwa na mawimbi ya umeme yanayozuka humo humo. Seli jirani hurusha ishara pamoja. Nyuzi zinazofikisha ishara kwa wakati mmoja hushikamana, na kwa kuwa macho mawili hayapigi mawimbi kwa pamoja, nyuzi zake hutengana, kila jicho likapata matabaka yake katika thalamasi. Mwanga haujahusika hata kidogo.

Mwanga ukishaingia, macho huanza kunyang'anyana nafasi. Katika miaka ya 1960, watafiti David Hubel na Torsten Wiesel wa Chuo Kikuu cha Harvard walishona kope za jicho moja la paka mchanga. Walipolifungua baada ya miezi kadhaa, karibu seli zote za kisogoni ziliitikia jicho jingine tu. Paka mzima hakudhurika hivyo. Na walipofunga macho yote mawili, seli nyingi ziliendelea kuitikia! Kumbe giza peke yake si adui mkubwa. Jicho huumizwa zaidi na mwenzake anayeona. Kazi yao ilipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Ndiyo maana mtoto wa jicho wa upande mmoja hunitia hofu kuliko wa pande zote mbili. Tunapenda kumwondoa ndani ya wiki 6 hivi za kwanza. Ukiona weupe kwenye mboni ya mtoto mchanga, mlete wiki hiyo hiyo, usingoje akue.

Baada ya upasuaji tunampa miwani au lenzi ya kuvaa, kisha tunaziba jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku. Bibi mmoja aliwahi kunilaumu kwamba naliadhibu jicho lisilo na kosa. Nikamwambia, "Bibi, hili limekula sinia zima peke yake, sasa tunalishika mkono ili mwenzake naye ale." Akanyamaza kidogo, kisha akasema kiraka atakibandika yeye, maana mama wa mtoto akimsikia analia atakibandua.