Kupasua: maana na asili ya neno

Kupasua ni kukata kitu kwa urefu wake, kwa kufuata nyuzi zake, hadi kigawanyike. Kusema tu "kugawa vipande viwili" hakutoshi. Seremala akikwambia kata ubao, anataka uwe mfupi. Akikwambia upasue, urefu unabaki uleule, kinachopungua ni upana au unene. Hata samaki: akikatwa hutoka vipande, akipasuliwa mgongoni toka kichwani hadi mkiani hufunguka bapa, tayari kwa chumvi na jua.

Neno ni la Kibantu. Kiishio -ua kina maana ya kutenganisha, kama katika rarua, tatua na chambua. Kitu kikitengana chenyewe, -ua hugeuka -uka: pasuka, raruka. Ile l iliyodondoka zamani hujitokeza tena katika pasulia na pasuliwa. Humo ndimo ulimotoka mpasuko, na pia upasuaji wa hospitalini. Chana ni jirani yake, ila hufaa zaidi vitu vyembamba: ukindu huchanwa chane za kusukia ukili. Kuni huchanjwa kwa shoka.

Tofauti ya kata na pasua inaonekana wazi kwenye meno ya msumeno. Wa kupasulia una meno makubwa, 5 au 6 kwa inchi, yaliyopigwa tupa moja kwa moja ili kila jino lichimbe kama patasi ndogo. Wa kukatia una meno madogo, 8 hadi 12, yenye ncha za kisu zinazokata nyuzi. Ukipasua kwa msumeno wa kukatia, unga hujaa kati ya meno na kazi haiendi.

Chora mstari, kisha shika msumeno wa kupasulia kwa pembe ya digrii 60 hivi kutoka usawa wa ubao. Wa kukatia hushikwa kwa 45. Mbao zenye mkazo ndani hujifunga nyuma ya msumeno na kuubana. Usilazimishe. Chomeka kabari nyembamba kwenye mpasuo, uisogeze kadiri unavyokwenda.

Wengi hukosea vipimo kwa kusahau unene wa meno. Ubao wa milimita 200 hautoi vipande vinne vya 50. Msumeno unaokula milimita 3 utapita mara tatu, utakula 9, na kipande cha mwisho kitabaki na 41, kabla hata hujakipiga randa.