Msako wa majibu ukutani: mafumbo ya kuzidisha na kugawanya

Mpe mtoto 24 ÷ 3 atakujibu papo hapo. Zivishe maneno namba hizohizo, ataziokota na kuzijumlisha ili mradi amalize. Kwa hiyo mafumbo siku hizi nayabandika ukutani, wanafunzi wakayasake kwa miguu yao.

Naandaa kadi kumi. Juu ya kila kadi kuna namba kubwa, chini kuna fumbo. Ila namba hiyo ni jibu la fumbo la kadi nyingine. Mwanafunzi anakokotoa kwenye daftari, anaitafuta kadi yenye jibu lake, na huko anakutana na fumbo jipya. Kadi ya mwisho inamrudisha alikoanzia, kwa hiyo kila jozi ya wanafunzi ianze popote, hakuna kusukumana. Jibu lisipoonekana ukutani, mtoto anajua kateleza mahali, na mwalimu hajafungua mdomo.

Kazi hasa iko kwenye kuchagua namba. Majibu mawili yakifanana, mzunguko umeharibika. Halafu kuna maneno yanayozoeleka vibaya. "Asha ana penseli 24, ambazo ni mara 3 ya penseli za Juma. Juma ana penseli ngapi?" Aliyekaririshwa kwamba "mara" ni kuzidisha ataandika 72, kumbe jibu ni 8. Kwa darasa linaloanza, 72 isionekane ukutani kabisa. Kwa wazoefu naiweka makusudi: anayenaswa anaruka kadi kadhaa, au anajikuta mbele ya kadi aliyokwisha kuipita. Hapo anarudi kukagua daftari bila kuambiwa. (Ni uchokozi, najua.)

Kwenye kugawanya, utamu uko kwenye baki. Nabandika mafumbo mawili, kila moja ukuta wake. Watoto 38 wanasafiri, gari moja linabeba 6: yanahitajika magari mangapi? Kamba ya mita 38 inakatwa vipande vya mita 6: vitapatikana vipande kamili vingapi? Yote mawili ni 38 ÷ 6, yaani 6 baki 2. Lakini kamba inatoa vipande 6, kile kilichobaki hakitoshi kipande. Magari lazima yawe 7, maana wale wawili hawaachwi njiani. Kadi ya 6 na ya 7 zote zipo, basi ubishi unaanza. Nawaacha wabishane, maana anayemweleza mwenzake kwa nini gari la saba linakwenda na watu wawili tu ameshalielewa fumbo.

Sharti ni moja: huhami kadi kabla hujaandika hesabu yako, na daftari nitalikusanya. Bila hivyo wajanja watafuata mkumbo wa wenzao. Wanaomaliza mapema nawapa kadi tupu, watunge fumbo lenye neno "mara" ambalo halihitaji kuzidisha.