"Hizo pesa zina wenyewe": dhana potofu kuhusu ruzuku za sanaa Uganda

Kila mwito wa maombi ya ruzuku unapotoka, makundi ya WhatsApp ya wasanii wa Kampala hujaa ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza: "Nani anamjua mtu wa huko?" Wa pili: "Achaneni nazo, zina wenyewe." Siku ya mwisho inapita na waliotuma wanahesabika. Nimekaa upande wa wanaosoma maombi, nimekaa pia na vikundi vinavyoyaandika, na naona vikundi vyetu vingi haviangushwi na kazi duni. Vinaangushwa na mambo vinayoyaamini kabla hata ya kufungua fomu.

"Ruzuku ni pesa ya bure, kama zile za serikali"

Kwanza, pesa nyingi za serikali zinazotajwa hapa si ruzuku. Emyooga, mpango ulioanzishwa mwaka 2019, unawahesabu wasanii wa jukwaani miongoni mwa makundi yake, na SACCO ya kundi katika kila jimbo la uchaguzi ilipangiwa mtaji wa shilingi milioni 30. Lakini SACCO inakopesha, na mkopo unarudishwa. HEVA ya Nairobi nayo, mfuko unaohudumia biashara za ubunifu Afrika Mashariki, imetoa mikopo na imetoa ruzuku pia. Soma tangazo mpaka mstari wa mwisho kabla ya kushangilia.

Pili, hata ruzuku yenyewe ina kazi iliyoibeba. Mfadhili ana shabaha yake: kulinda urithi, ajira za vijana, sauti za wanawake, wasanii kuvuka mipaka. Anatafuta mtu wa kumfikisha hapo. Kikundi kinachoandika "tunaomba msaada ili tuendeleze kipaji chetu" kimeeleza shida yake na kuiacha shabaha ya mwenye pesa bila jibu. Ndiyo maana ombi lile lile haliwezi kwenda kwa wafadhili wanne kwa kubadilisha jina juu tu. Msomaji wa maombi hulitambua ukurasa wa kwanza, hasa pale jina la mfadhili mwingine linapokuwa limesahaulika katikati ya aya ya tatu. Hutokea zaidi ya unavyodhani.

"Bila NGO huwezi kuomba"

Inategemea mlango gani unaugonga. Mfuko wa Prince Claus wa Amsterdam umekuwa ukitoa tuzo za mwanzo za euro 5,000 kwa wasanii mmoja mmoja walio katika miaka ya kwanza ya kazi zao. Hapo hawatafuti cheti cha shirika, wanatazama kazi yako. Kwa upande mwingine, Mfuko wa Kimataifa wa Anuwai za Utamaduni wa UNESCO, ambao umetoa hadi dola 100,000 kwa mradi mmoja, hupokea maombi ya taasisi za umma na mashirika yasiyo ya kiserikali. Msanii binafsi hana nafasi huko. Mwaka 2015 Uganda iliingia katika Mkataba wa UNESCO wa 2005 unaosimamia mfuko huo, kwa hiyo mlango wa nchi uko wazi.

Shida ya hapa kwetu ni karatasi za aina tofauti zinazochanganywa. Jina la biashara lililosajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ni la biashara. Mfadhili anayedai shirika lisilogawana faida hatalikubali, hata uwe umelipia na kulitundika ukutani. Kampuni yenye ukomo wa dhamana, bila hisa, ni kitu kingine kabisa. Kikundi kinachofanya kazi ndani ya subkaunti moja kinaweza kusajiliwa wilayani kama shirika la jamii chini ya Sheria ya NGO ya 2016, na kwa kikundi cha ngoma cha kijijini njia hiyo mara nyingi inatosha. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, inakutambulisha kwa majirani, lakini haiwi usajili.

Kama huna chochote kati ya hivi na siku zimebaki chache, tafuta shirika lililosajiliwa likubebe: liombe kwa jina lake, lipokee pesa, na ninyi mfanye kazi. Andikeni makubaliano ya asilimia watakayochukua kabla ya kutuma. Nikisema kabla, namaanisha kabla, kwa sababu baada ya pesa kuingia kila mtu anakumbuka mazungumzo tofauti.

"UNESCO ikishaitambua mila yetu, pesa zitakuja zenyewe"

Hii husikika sana nje ya Kampala, na nadhani inatokana na sherehe zinazofanywa jina linapoingia kwenye orodha. Chukua bigwala ya Busoga, tarumbeta za vibuyu zinazopigwa kwa kupokezana sauti kwenye shughuli za kifalme. Iliingia orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka mwaka 2012, wakati wazee mahiri waliobaki na ujuzi wote, kutengeneza, kupiga na kucheza, walikuwa wanne tu. Kuingia kwenye orodha hakukuleta hundi. Msaada uliopatikana baadaye kutoka mfuko mwingine wa UNESCO, ule wa urithi usioshikika, chini ya dola 25,000, uliombwa kwa andiko lake, lenye shughuli zake na bajeti yake.

Na maombi ya mfuko huo hupitia serikali. Kikundi hakiandiki moja kwa moja Paris; kinapitia wizara inayoshughulikia utamaduni, yaani Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Anza mazungumzo na ofisa utamaduni wa wilaya yako mapema.

Mfano wa bigwala unafundisha jambo jingine ambalo waombaji hulisahau. Tarumbeta hizo hutoka kwenye vibuyu, na vibuyu hutoka shambani. Mbegu na jembe vinaweza kuwa na nafasi halali kabisa katika bajeti ya muziki. Ukiona aibu kuandika "kulima" katika mradi wa sanaa, utaandika warsha tatu za hotelini, na mwisho wa mradi hakuna aliye na ala ya kupiga.

"Lazima Kiingereza cha Makerere"

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu katiba iliporekebishwa mwaka 2005, lakini fomu nyingi zinakuja kwa Kiingereza, na hilo ni tatizo la kweli kwa watu wengi. Hata hivyo, kinachotafutwa ni maelezo yanayoeleweka: nani, wapi, lini, watu wangapi, kitabaki nini. Sentensi fupi zenye makosa madogo ya sarufi zinashinda ukurasa wa maneno makubwa. Siku hizi limeongezeka balaa jingine, maandiko yaliyotungwa na programu za akili unde, yote yanaahidi "kuwawezesha vijana kupitia nguvu ya sanaa". Unasoma kumi na hujui lipi la Gulu na lipi la Mbarara. Jieleze kwanza kwa lugha unayoota nayo, kisha umtafute mtu wa kutafsiri.

"Ongeza bajeti, maana watakata tu"

Au kinyume chake: "Omba kidogo, wataona huruma." Zote mbili zinaua maombi, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa wasomaji wengi wa maombi hufungua bajeti kabla ya hadithi.

Tuseme kikundi cha Nebbi kinataka kuwafundisha vijana 30 kupiga adungu, aina ya kinubi, mara mbili kwa wiki kwa wiki 12. Hivyo ni vipindi 24. Bajeti ya kwanza ninayoletewa huwa na mistari mitatu: vifaa milioni 6, mafunzo milioni 8, mengineyo milioni 3. Hiyo "mengineyo" ndiyo inayomfanya msomaji aweke kalamu chini.

Sasa iandike upya kwa bei za huko. Adungu ndogo 8 kwa shilingi 250,000 ni 2,000,000. Wakufunzi 2, vipindi 24, shilingi 40,000 kila kipindi, ni 1,920,000. Chai na kitafunwa cha vijana 30, vipindi 24, shilingi 3,000 kila mmoja, ni 2,160,000. Jumla 6,080,000, na kila tarakimu ina mzazi wake katika maelezo. Msomaji akihesabu vipindi kwenye hadithi atakuta 24, akihesabu kwenye bajeti atakuta 24. Hapo tayari umewazidi waombaji wengi.

Halafu tazama kilichosahaulika. Makato ya benki. Nyuzi za akiba, maana kijana anayejifunza hukata nyuzi. Nauli ya mkufunzi. Mtu wa kushika mahesabu. Na ukumbi wa shule mliopewa bure: kama kwa kawaida hukodishwa 20,000 kwa siku, vipindi 24 ni 480,000, na huo ni mchango wenu. Uandikwe kwenye safu ya mchango wa kikundi. Wengi wanauacha kwa kudhani kisicholipiwa hakina thamani, kisha wanapoulizwa "ninyi mnachangia nini?" wanajibu "nguvu kazi".

Kuna pia wanaojitoa wenyewe katika bajeti. Wanalipa mpiga picha, ukumbi, dereva, chakula. Wachezaji wanaandikwa "watajitolea". Wanadhani mfadhili atapenda moyo huo. Mfadhili mwenye akili anaona mradi utakaovunjika wiki ya nne, wachezaji wakipata harusi ya kulipwa Jumamosi. Jilipeni, kwa kiwango cha soko la kwenu, bila aibu.

"Ni za wanaojuana"

Sitadanganya: kujuana kunasaidia. Aliyewahi kumpigia ofisa wa mfuko akauliza swali anajua mambo ambayo hayako kwenye tangazo. Lakini namba na baruapepe za maswali zimewekwa kwa ajili ya kila mtu, na wengi wetu hatuzitumii. Kwa upande wa kuchagua, mifuko mikubwa hutumia majopo. Maombi ya ule Mfuko wa Anuwai za Utamaduni wa UNESCO nilioutaja hupita kwanza Tume ya Taifa ya UNESCO hapa nchini, kisha wataalamu wa nje, na kamati ya nchi wanachama ndiyo inayoamua. Binamu mmoja hafiki mbali kwenye mnyororo huo. Kwenye vifuko vidogo vya hapa mjini, ndiyo, mambo yanaweza kuwa tofauti.

"Lipa ada kidogo, jina lako lipite"

Utapeli. Anayedai utume pesa kwa simu ili fomu yako "isukumwe" anakuibia. Block namba, endelea na kazi.

"Mfadhili atachukua kazi yangu"

Kwa kawaida hapana. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006, haki ni ya mtunzi, na inakuwepo kazi inapowekwa katika umbo la kudumu hata bila kusajiliwa. Ila sheria hiyo hiyo ina kifungu cha kazi zinazofanywa chini ya maelekezo ya serikali au chombo cha kimataifa kinachotambuliwa: hapo haki inaweza kuwa yao isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kwa hiyo usiogope mfadhili, ogopa mkataba usiosomwa. Tafuta kipengele cha umiliki. Ukikuta wanataka kutumia picha na rekodi kutangaza shughuli zao, hilo ni la kawaida. Wakitaka haki zote, uliza kwa nini, kwa maandishi.

"Pesa ikiingia, kazi ya karatasi imekwisha"

Inaanza. Mifuko mingi hulipa kwa awamu, na sehemu ya mwisho hutoka baada ya ripoti kukubaliwa. Rudi Nebbi: wakishikilia asilimia 20 ya ile 6,080,000, ni 1,216,000 ambazo kikundi lazima kizitafute kwingine hadi ripoti ipite. Hilo liulizwe siku ya kusaini. Wakufunzi waambiwe mapema, na duka la nyuzi likubali kusubiri.

Kuhusu risiti, usiseme "boda hatoi risiti" ukadhani umeeleweka. Andaa daftari lenye tarehe, safari ilikotoka na ilikokwenda, kiasi, jina, namba ya simu na sahihi au dole gumba. Mama wa chai asaini kila kipindi, si mara moja mwisho wa mwezi kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kwa kuwa mkaguzi huona. Piga picha ya kila ukurasa jioni ile ile, kwa simu mbili. Daftari moja linaloloa mvua njiani kutoka Pakwach linaweza kuchelewesha ile 1,216,000 kwa miezi.