Nyumba ya Uvuvi Juu ya Magurudumu: Yanayosemwa Mtaani na Inavyosema Sheria ya Minnesota

Maziwa ya Minnesota yakishaganda, barabara za kwenda kaskazini hujaa pikapu zinazovuta vijumba. Ukiviona kwa mbali utadhani ni karavani za watalii waliopotea msimu. Ni nyumba za uvuvi. Sakafu zake zina matundu yenye vifuniko. Ukifika katikati ya ziwa unateremsha fremu kwa winchi, magurudumu yanapanda na sakafu inalala juu ya barafu. Kisha unatoboa barafu kupitia matundu yale na kutumbukiza ndoana ukiwa umekaa kitandani, hita ya gesi ikiwaka pembeni. Nyingi hutengenezwa humuhumu jimboni. Kiwanda cha Ice Castle, ambacho jina lake utaliona ubavuni mwa vijumba vingi, kiko katika mji mdogo wa Montevideo.

Waswahili tumekuwa wengi huku, hasa Wakenya wa Brooklyn Park na vitongoji vingine vya Minneapolis, na wapo miongoni mwetu walioanza kuupenda uvuvi huu. Anayeanza kwa kawaida hununua kijumba kilichotumika, kwa mtu binafsi, na pamoja na kijumba hupokea maneno ya muuzaji. Hayo maneno ndiyo yamenifanya niandike. Kila anayeniuliza kuhusu vijumba huuliza kuhusu barafu: je, itanibeba? Ni swali zuri. Lakini kutoka Minneapolis hadi Upper Red Lake, ziwa la kaskazini mwa jimbo, ni zaidi ya kilomita 350 za lami yenye theluji, na huko barabarani unavuta kitu kizito kuliko gari dogo, kirefu, chenye ubavu bapa unaopigwa na upepo. Swali la breki silisikii mara nyingi, na linanitia wasiwasi kuliko lile la barafu.

"Hiki ni kibanda cha samaki, si gari. Hakihitaji usajili."

Kikiwa barafuni ni kibanda. Kikiwa barabarani nyuma ya pikapu yako ni tela, na tela lina sheria zake: bamba la namba, taa za nyuma, taa za breki na za kuashiria kona, na minyororo ya usalama. Haijalishi kama kimetoka kiwandani au kimeundwa na fundi nyuma ya nyumba yake.

Mkanganyiko huu una chanzo kinachoeleweka. Kijumba kimoja kinahusika na ofisi mbili. Idara ya Maliasili ya jimbo, ambayo kila mtu huku huiita DNR, hutoa leseni ya kibanda kitakachoachwa barafuni bila mtu. Ofisi ya magari na leseni za udereva, DVS, ndiyo inayosajili matela. Mtu akishalipa DNR na kupata karatasi yenye neno "leseni", huona amemaliza. Askari wa barabarani hataulizia leseni ya DNR. Ataangalia bamba la namba la DVS. Na ofisa wa DNR akikukuta ziwani, bamba hilo halitakusaidia kama umekiacha kijumba usiku kucha bila leseni ya kibanda au bila alama za kuakisi mwanga kila upande. Hapo sijagusa leseni yako ya kuvua samaki, ambayo ni jambo la tatu.

Kwa matela yasiyozidi paundi 3,000, yaani kama kilo 1,360, Minnesota husajili mara moja tu na usajili unadumu. Ndiyo maana utaona vijumba vidogo vyenye mabamba yaliyopauka kwa umri. Si kwamba mwenyewe amekwepa kulipa. Yaliyo mazito zaidi yana utaratibu mwingine. Unaponunua kijumba kilichotumika, omba karatasi kabla ya kutoa pesa, kisha linganisha namba ya fremu na iliyoandikwa kwenye karatasi. Muuzaji akisema "zipo nyumbani, nitakutumia", mwambie utamsubiri aende akazilete.

"Changu ni chepesi, hakifiki 3,000, kwa hiyo breki si lazima."

Hili ndilo ninalolisikia zaidi, na lina makosa mawili ndani yake.

La kwanza ni hesabu. Sheria ya Minnesota inasema tela lenye uzito wa jumla wa paundi 3,000 au zaidi haliruhusiwi kuvutwa barabarani bila breki zinazotosha kulidhibiti, kulisimamisha na kulishikilia. Angalia: uzito wa jumla. Muuzaji akikwambia kijumba kina paundi 2,700, mara nyingi anakutajia uzito wa kijumba kitupu siku kilipotoka kiwandani. Wewe huvuti kijumba kitupu. Una mitungi miwili ya gesi ya propeni, na mtungi wa kawaida wa vijumba hivi hubeba paundi 30 za gesi mbali na uzito wa chuma chake. Una jenereta, betri, mashine ya kutobolea barafu na mafuta yake. Una magodoro na mablanketi. Una maji ya kunywa, na kila galoni moja ni zaidi ya paundi 8. Una chakula cha siku tatu kwa watu wanne, na sisi hatujui kupika kidogo. Hapo paundi 300 zimepita bila mtu kuhisi, na barafu iliyoganda chini ya fremu wakati wa kurudi haijahesabiwa.

Tazama kibati kilichopigiliwa kwenye fremu karibu na shingo ya tela, pale linapoungana na gari. Kinataja uzito wa juu ambao tela liliundwa kubeba. Kama kinasema 3,500, mimi nalihesabu tela hilo kuwa la breki hata siku linapokwenda tupu. Ukiwa na shaka, lipitishe kwenye mizani ya malori likiwa limepakiwa kila kitu.

La pili ni kwamba kikomo cha 3,000 hakisimami peke yake. Sheria hiyohiyo inaongeza: au tela ambalo uzito wake wa jumla unazidi uzito wa gari linalolivuta likiwa tupu. Anayevuta kwa gari dogo lenye paundi 2,600 hawezi kufunga tela la 2,800 lisilo na breki na kusema yuko chini ya kikomo. Hiki kipande cha pili sijawahi kusikia muuzaji akikitaja.

"Pikapu yangu ni kubwa, breki zake zinatosha kwa vyote viwili."

Pikapu kubwa ina nguvu ya kuvuta. Kuvuta na kusimamisha ni mambo mawili tofauti, na aliyekulia karibu na mteremko wa Salgaa, kwenye njia ya Nakuru kwenda Eldoret, hahitaji kuelezwa sana. Aliona malori yaliyopanda mlima bila shida yakishindwa kusimama wakati wa kushuka.

Kasi ikizidishwa mara 2, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza inazidi mara 4. Pikapu ikifunga breki peke yake, tela la tani mbili lililo nyuma bado linataka kwenda mbele. Linasukuma. Lami ikiwa kavu utahisi msukumo tu, na utahitaji umbali mrefu zaidi kusimama. Lami ikiwa na barafu nyembamba isiyoonekana, msukumo ule unaisukuma ekseli ya nyuma ya pikapu pembeni, tela linakunja upande mmoja na gari upande mwingine, kama kisu kinachofungwa. Baada ya hapo usukani haukusaidii.

Tela lenye breki zake hufanya kinyume. Linajizuia lenyewe, na linaunyoosha msafara wote kwa kuuvuta nyuma kidogo. Kontrola ya breki, yaani kifaa kinachopeleka umeme kwenye breki za tela, hukaa karibu na usukani na ina kidude unachoweza kubonyeza kwa kidole ili breki za tela zifanye kazi peke yake. Tela likianza kuyumba kama mkia, kubonyeza kidude hicho taratibu kunalirudisha kwenye mstari. Kukanyaga breki za pikapu kwa nguvu kunaweza kuzidisha mayumbo.

Mayumbo yenyewe mara nyingi huanza na upakiaji. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela inapaswa kukaa kwenye shingo. Ukiweka jenereta na mafuta nyuma kabisa kwa sababu mlango uko huko, shingo inakuwa nyepesi na mkia mzito.

"Nimechomeka plagi na taa zote zinawaka, kwa hiyo breki zinafanya kazi."

Hesabu pini za plagi. Plagi bapa yenye pini 4 inabeba taa tu: za nyuma, za breki na za kuashiria kona. Haina waya wa kupeleka umeme kwenye breki za tela. Breki nyingi za vijumba hivi ni za umeme. Ndani ya kila dramu, yaani bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, kuna sumaku, na sumaku ikipata umeme inanata kwenye dramu inayozunguka, inasukuma mkono wa chuma, na viatu vya breki vinapanuka. Bila umeme hakuna kitakachosogea. Umeme huo hupitia plagi ya mviringo yenye pini 7, na lazima gari liwe na kontrola.

Kwa hiyo kuna watu wanaovuta tela lenye breki nzuri kabisa, wamenunua kiunganishi cha kubadilisha pini 7 kuwa 4, taa zinawaka, na breki zimelala. Jirani yangu alivuta hivyo majira mazima. Alijua siku tulipoinua gurudumu moja kwa jeki na kumwomba mkewe akanyage breki huku sisi tukilizungusha. Liliendelea kuzunguka.

"Minyororo inatosha. Kile kibetri cha mbele hakina kazi."

Minyororo ni lazima, na ipite ikikatizana chini ya shingo ili shingo ikichomoka iangukie juu yake badala ya kuchimba lami. Lakini mnyororo hausimamishi kitu. Tela linalozidi paundi 6,000 lazima, kwa sheria ya Minnesota, liwe na breki zinazoweza kulisimamisha na kulishikilia lenyewe likitengana na gari. Vijumba vikubwa vyenye ekseli mbili, choo na vitanda vya ghorofa hufika huko kirahisi.

Kinachofanya kazi hiyo ni kile kibetri pamoja na swichi ya dharura yenye waya mwembamba. Waya unafungwa kwenye gari. Tela likichomoka, waya unavuta pini kutoka kwenye swichi, na betri inapeleka umeme wote kwenye breki. Usiufunge waya huo kwenye mnyororo au kwenye chuma cha kuungia tela. Chuma kikitoka na kila kitu, waya utakwenda nacho na pini haitavutwa kamwe. Ufunge kwenye mwili wa gari.

"Kwa kijumba kikubwa utahitaji leseni ya dereva wa lori."

Kwa wengi wetu, hapana. Leseni ya kawaida ya Minnesota, daraja D, inaruhusu kuvuta tela la hadi paundi 10,000, na hata zaidi ya hapo ikiwa gari na tela kwa pamoja havizidi 26,000.

"Sheria hizi ni za Minnesota tu, nikivuka mpaka niko huru."

Wisconsin nako breki zinaanza kudaiwa kwenye paundi 3,000. Ontario, Kanada, kikomo kimeandikwa kilo 1,360, ambazo ni paundi zilezile. Kwenye Lake of the Woods, ziwa lililo mpakani, upande wa Minnesota na upande wa Ontario, basi, mahitaji yanakaribiana.

"Nikishafika ziwani, mambo ya uzito na breki yameisha."

Uzito ndio unaanza upya. Mwongozo wa DNR unataka barafu safi ya inchi 20 au zaidi kwa pikapu nzito inayovuta nyumba ya magurudumu. Gari dogo peke yake linatosheka na 9 au 10. Endesha polepole, kwa sababu gari linalokwenda kasi husukuma wimbi la maji chini ya barafu, na wimbi hilo linaweza kuipasua mbele yako.

Breki nazo huteseka huko. Ukiegesha dramu zikiwa na joto na zimelowa matope ya theluji, maji yanaganda ndani na viatu vinanata. Asubuhi ya kuondoka, mwenye haraka anakanyaga mafuta na magurudumu yanaburuzwa bila kuzunguka mpaka mpira unalika upande mmoja. Sogea mita chache huku mtu anatazama kila gurudumu kutoka nje kabla ya kushika barabara. Chumvi ya barabarani hula viungo vya waya kimyakimya, na panya wa kiangazi hula waya zenyewe kijumba kikiwa kimeegeshwa nyasini.

Kabla ya safari ya kwanza ya msimu, mimi hufanya hivi uani: naunga tela kwenye gari, nachomoa plagi ya umeme, kisha navuta pini ya swichi ya dharura kwa mkono na kusogeza gari mbele taratibu. Magurudumu ya tela yakigoma na kukwaruza theluji, betri ni nzima na breki zinashika. Yakizunguka, safari inaahirishwa. Pini inarudishwa mara moja ili betri isiishe.