Vuli si majani kupukutika

Wiki iliyopita nilipita mgahawa mmoja hapa Dar es Salaam nikakuta bango: "Njoo tufurahie vuli." Wamelizungushia majani mekundu na ya njano yanayoanguka. Siku hiyohiyo mpwa wangu anayesoma Sweden akanitumia picha ya bustani iliyojaa majani ya namna hiyo, akaandika, "Vuli imeingia, mjomba." Mama yake analima Muheza. Alipoonyeshwa ile picha akauliza, "Kwa hiyo na wao wameshapanda?"

Dada yangu kaielewa vuli. Ni msimu wa mvua fupi, Oktoba hadi Desemba, kama masika yalivyo mvua ndefu za Machi hadi Mei. Tafsiri nyingi zimeliazima neno hili kwa majira ya Ulaya ambayo majani hugeuka rangi na kudondoka, na kinachofanana ni miezi tu. Tena ukienda Afrika Kusini au Australia hata miezi haifanani: kule majani hupukutika Machi hadi Mei, sisi tukiwa kwenye masika. Hapo tuseme vuli ya Machi?

Tazama majina ya majira yetu yanatoka wapi. Kaskazi na kusi ni majina ya upepo, na ndiyo yaliyozaa kaskazini na kusini. Kiangazi ni wa ukoo mmoja na anga na angaza, kimebeba mwanga. Masika na vuli ni mvua. Hakuna jina hata moja hapo lililotazama majani ya mti, na sababu ipo. Karibu na Ikweta mchana wa Juni na wa Desemba haupishani sana. Ulaya ya kaskazini mchana hufupika kwa saa nyingi. Mti ukiisoma dalili hiyo unaacha kutengeneza ukijani, na njano iliyokuwa imefunikwa inajitokeza. Miti yetu mingi huangalia maji. Mbuyu humwaga majani wakati wa ukame, na vuli ikikaribia ndipo unapochipua. Unaofanana kidogo na ile ya Sweden ni mkungu, ambao majani yake huwiva mekundu kabisa kabla ya kuanguka, lakini haungoji Oktoba, na aghalabu hupukutika zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Kinachoniuma hasa ni kwamba majira haya mawili yanakwenda pande mbili. Yale ya kwao yanafunga: wamevuna, jua linawaaga, baridi iko njiani. Vuli inafungua. Jua limevuka Ikweta mwishoni mwa Septemba kwenda kusini, ukanda wa mvua unalifuata, upepo wa kusi umelegea na kaskazi haijashika. Mvua ya kwanza ikipiga vumbi la Muheza jioni, kumbikumbi wanatoka ardhini kuzingira taa, na asubuhi baraza imejaa mbawa nyembamba zinazong'aa kama ganda la kitunguu. Dada yuko shambani tangu alfajiri, mbegu za mahindi kazifunga kwenye pindo la kanga, anafukia kwa unyayo shimo baada ya shimo. Maembe nayo yanaanza kuiva. Raha ya vuli ndiyo hiyo, na majani ya karatasi ukutani hayaifikishi.

Wala si kila Mtanzania anayo. Ruvuma, Mbeya na Mtwara wana msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili hivi. Mamlaka ya hali ya hewa inapotoa utabiri wa vuli, inazungumza na watu wa Pwani, Tanga, Kilimanjaro, kanda ya Ziwa, Unguja na Pemba. Vuli ya 2019 ilinyesha kupita kiasi kwa sababu upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi maji yalikuwa na joto kuliko kawaida, na aliyeusikiliza utabiri alijua ni mvua ipi inayosemwa. Kwa neno hili mtu anaamua lini anunue mbegu.

Mpwa wangu nimemjibu kwamba picha ni nzuri, na kwamba hayo ni majira ya kupukutika majani. Jina ni refu kidogo, lakini linasema kile alichokipiga picha. Vuli iko huku kwa mama yake, imeanza Jumanne usiku.