Amos Alonzo Stagg: Yanayodhaniwa kuhusu kocha wa michezo mingi

Dhana: Mshika mbili moja humponyoka, kwa hiyo kocha wa michezo mingi hana anachokijua sawasawa.

Chuo Kikuu cha Chicago kilipofunguliwa mwaka 1892, mkuu wake, William Rainey Harper, hakumwajiri Stagg kuinoa timu moja. Alimpa idara nzima ya elimu ya viungo, pamoja na cheo cha uhadhiri na ajira ya kudumu. Futiboli ya Kimarekani, besiboli na riadha vyote vilikuwa kazi ya idara. Akifungwa Jumamosi, Jumatatu bado ni mwalimu wa chuo. Makocha wa leo, wanaofungashiwa virago baada ya mechi tatu mbovu, wangemwonea wivu. Ndani ya miaka 40 hapo alitwaa ubingwa wa futiboli wa kanda mara 7. Mpira wa kikapu aliufundisha msimu mmoja tu, kwa hiyo tusimtilie chumvi.

Dhana: Nyota wa mchezo mmoja huuweza wowote mwingine.

Stagg alikuwa nyota kweli: mrushaji hodari wa besiboli pale Chuo Kikuu cha Yale, na mwaka 1889 akateuliwa katika kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa futiboli wa vyuo vya Marekani. Lakini Machi 11, 1892, katika chuo cha YMCA mjini Springfield, alikofundisha kabla ya Chicago, walimu walipopambana na wanafunzi katika mechi ya kwanza ya kikapu mbele ya watazamaji, gazeti la mji lilisema mazoea ya futiboli yalimponza. Kila mara alikuwa akisukuma watu na kupigiwa faulo. Walimu walilala 5–1, na hilo moja alilifunga yeye. Mwalimu mwenzake James Naismith, aliyeubuni mchezo huo miezi michache tu kabla, naye alikuwa uwanjani.

Dhana: Alipania ukocha tangu mwanzo.

Wapi! Alikwenda Yale akitaka kuwa mchungaji, akaacha kwa kujiona hana ulimi wa mimbari. Klabu za kulipwa za besiboli nazo alizikataa.

Dhana: Kocha akizeeka, basi tena.

Chicago ilimstaafisha akiwa na miaka 70. Akahamia College of the Pacific, California, na mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake wakamchagua kocha bora wa mwaka. Baadaye akaenda Pennsylvania kumsaidia mwanawe, naye kocha.