Gasketi ya hedi kwenye Subaru ya turbo: kutafuta chanzo kabla ya kufungua

Magari ya kasi yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa Nairobi ni ya aina nyingi, lakini yanayofikishwa kwangu mara kwa mara kwa sababu ya gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo chembamba kilichobanwa kati ya hedi na bloku ya injini, ni Subaru Impreza WRX na Forester za turbo. Mwenye gari huwa ameshaambiwa kwamba Subaru ndivyo zilivyo, kauli ambayo ni kweli nusu tu. Sifa hiyo mbaya ilitokana hasa na EJ25, injini ya lita 2.5 isiyo na turbo iliyouzwa sana Marekani, yenye silinda za kipenyo cha milimita 99.5 na, katika matoleo mengi, gasketi ya tabaka moja iliyopakwa grafiti, ambayo baada ya miaka ilianza kutoa oili na kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) kwenye ukingo wa chini wa hedi. Turbo nyingi tulizo nazo hapa zina EJ20 ya lita 2, ambayo silinda zake zina kipenyo cha milimita 92, na gasketi yake ni ya mabati kadhaa ya chuma yaliyopangwa pamoja. Gasketi ya namna hiyo haifi bila kuuawa, na fundi anayeibadilisha bila kumtafuta muuaji ataifungua injini ileile tena.

Dalili ambayo wengi huitafuta ni uji mweupe chini ya kifuniko cha oili. Kwenye injini hizi uji huo mara nyingi haupo kabisa, kwa sababu kinachopenya kwanza si maji kuingia kwenye oili bali gesi ya mwako kuingia kwenye maji. Gari hukaa vizuri kwenye foleni ya Uhuru Highway, kisha hupanda joto ghafla linapokaza mwendo mlimani, hita ikianza kupuliza hewa baridi na chupa ya akiba ikijaa maji yasiyorudi kwenye rejeta injini inapopoa. Mshale wa dashibodi hausaidii sana, maana umetengenezwa ubaki katikati hata joto linapopanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa; ni bora kuunganisha skana, kifaa kinachosoma kompyuta ya gari, na kusoma namba zenyewe. Uthibitisho ninaouamini ni ule wa dawa ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta na kuvutiwa hewa inayotoka humo: hewa hiyo ikiwa na kaboni dayoksaidi ya mwako, buluu hugeuka manjano. Naufanya injini ikiwa imeshika joto na, inapowezekana, mara tu baada ya kuliendesha gari kwa mzigo, kwa kuwa ufa mdogo hujifunga injini inapotulia.

Kabla ya kutoa hukumu, natazama vitu vinavyoigiza ugonjwa huu. Subaru hizi za turbo zina vifuniko viwili vya shinikizo, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tangi dogo lililo juu ya injini, na shinikizo lao si moja. Aliyevibadilishana wakati wa kuosha injini ameshaharibu mpangilio wote. Thamostati, mlango unaofunguka maji yanaposhika joto, nayo iko chini, kwenye njia ya maji yanayotoka kwenye rejeta kuingia kwenye pampu, na zile za bei rahisi zinazouzwa mjini mara nyingi zina mdomo mdogo kuliko ya kiwandani. Hapa sibembelezi mtu: thamostati nafunga ya kiwandani tu.

Jambo la mwinuko pia hupuuzwa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka hapa kwenye takriban nyuzi 94 za Selsiasi badala ya 100. Injini inategemea shinikizo la kifuniko ili maji yasichemke mapema, kwa hiyo kifuniko kilicholegea, ambacho Mombasa kingevumilika kwa muda, huku kinaleta mvuke ndani ya hedi haraka zaidi. Ukiongeza desturi ya kujaza maji ya bomba badala ya kulanti, ambayo husaidia kupandisha kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu, unapata hedi iliyopinda.

Injini naishusha. Hedi za Subaru zimelala ubavuni, kushoto na kulia, na ingawa wapo wanaozitoa injini ikiwa ndani ya gari, sioni namna ya kusafisha na kupima uso wa bloku vizuri huku mtu amejipinda kati ya injini na chasi. Kusafisha kwenyewe ndiko kazi. Bloku ni ya aluminiamu na silinda zake zimevikwa chuma, hivyo kisahani cha msasa kwenye mashine ya kuzungusha hula aluminiamu laini na kuacha chuma kimeinuka, na vumbi lake likiingia kwenye oili humaliza beringi za krenki. Nakwangua kwa mkono, kwa wembe na dawa, hata ikinichukua siku. Kisha naweka rula ya chuma iliyonyooka, na kwa fila, vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, napima pengo kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Kinachoruhusiwa ni takriban milimita 0.05, na kwenye matoleo ya baadaye ni pungufu ya hapo. Hedi iliyozidi inapelekwa kusagwa na kulainishwa, kwa sababu gasketi ya chuma haisamehi uso wenye mikwaruzo. Silikoni haipakwi juu yake.

Boliti ni sita kwa kila hedi, na nyuzi na washa zake hupakwa oili safi. Hukazwa kwa hatua kufuata mpangilio wa kitabu cha injini hiyo, hulegezwa zote, hukazwa upya, kisha humaliziwa kwa kuzungushwa kwa pembe. Spana ya kupimia kani ni ya lazima. Mkono wa fundi, hata uwe na uzoefu gani, si kipimo. Kwa kuwa injini iko nje, mkanda wa taimingi na pampu ya maji hubadilishwa papo hapo.

Halafu namrudia muuaji. Nyingi ya gari hizi, hasa zile kali, zilipangwa kwa petroli ya oktani ya juu ya Japani, ambayo kwa viwango vyao haipungui 96, na mmiliki anayetia petroli ya kawaida huku mwenzake aliyemtangulia amepandisha shinikizo la turbo anaiachia injini igonge, yaani petroli ijilipukie yenyewe ndani ya silinda. Kila mgongo wa namna hiyo ni pigo kwa gasketi. Kwa hiyo turbo hurudishwa kwenye shinikizo la kiwandani, au mwenye gari agharimie boliti imara zaidi na mpangilio mpya wa kompyuta. Mwuzaji aliyetia dawa ya kuziba kwenye rejeta pia hujulikana hapa, kwa tope ninalolikuta kwenye njia za maji. Ni kweli kwamba mwaka 2004 Subaru yenyewe ilitoa dawa ya kutia kwenye kulanti huko Marekani, lakini ilikusudiwa uvujaji wa nje wa injini za lita 2.5 zisizo na turbo. Haizuii gesi ya mwako.

Mwisho ni kutoa hewa. Najaza polepole kupitia tangi la juu, pua ya gari ikiwa imeinuliwa na hita imefunguliwa yote, hadi hita itoe joto lisilokatika. Baadaye nalipeleka gari Mai Mahiu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, na kupanda nalo mlima skana ikiwa imeunganishwa, na kesho yake, kabla ya kuliwasha, natazama chupa ya akiba. Maji yakiwa hayajarudi kwenye alama, gari haliondoki.